KARANI WA KIMWANI NA KILO 335 ZILIZOPOTEA

Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa ukali, fedha za chama zilizotupeleka sisi wawili mpaka Ziwa Viktoria mwezi wa Julai 2025 zimeleta faida gani. Swali hilo ni la haki. Fedha ni zenu, na mtu aliyepanda mkarafuu, akaungojea miaka, kisha akachuma, akachambua usiku kwa taa, akaanika na kuanua kila wingu lilipopita, ana haki ya kujua shilingi yake imekwenda wapi. Basi leo twajibu. Mtatuwia radhi tukisema mengi, maana habari yenyewe haikuanzia njiani. Ilianzia hapa hapa ofisini mwetu, mbele ya kioo cha kompyuta.

Mnajua kwamba Halmashauri inataka kuamua kabla ya msimu ujao: je, tuliache lile daftari kubwa jekundu na kuhamishia hesabu zote katika kompyuta, yaani hisa, akiba, madeni ya majamvi na magunia, na ujira wa wachumaji? Wapo miongoni mwenu wasemao kompyuta haikosei, basi kazi iishe. Wapo wasemao kompyuta ni mwavuli wa mwizi, kwa kuwa daftari likifutwa huacha alama ya mpira, na kioo hakiachi alama. Sisi tulikuwa kila mmoja upande wake, na ndiyo sababu tulitumwa wawili.

Mwezi wa Machi 2024 tulijiunga na darasa la kila Jumapili jioni. Mafunzo yalikuwa mawili: kuandika barua na kumbukumbu za mikutano kwa kompyuta, na kupanga hesabu kwa lahajedwali. Darasa lilikuwa halina nyumba. Mwalimu, binti wa miaka thelathini hivi, alikuwa Dar es Salaam. Sisi tulikuwa Pemba. Wengine walikuwa Tanga na Iringa, kila mmoja ndani ya kidirisha chake kwenye kioo, kama abiria wa basi waonekanao kwa nje. Na katika pembe ya chini alikuwapo mzee mmoja mwenye koti, aliyekaa wima kama mtu apigwaye picha ya pasi, ambaye kila alipoulizwa yuko wapi alijibu, "Niko Kimwani, waitu."

Jina hilo lilitupoteza. Sisi watu wa visiwani tukisikia mwani twafikiri mwani wa baharini, ule ambao wake zetu na dada zetu huufunga kwenye kamba maji yakipwa. Mmoja wetu alidhani mzee yuko Msumbiji, maana huko pwani ya kaskazini kuna watu na lugha iitwayo Kimwani. Kumbe sivyo. Kimwani hii iko kusini mwa Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, mbali kabisa na chumvi yo yote. Zamani ilikuwa na mtawala wake mwenyewe. Na ajabu ni kwamba huko kwa Wahaya mwani ni kahawa! Mgeni akifika hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune. Tulitafuna. Mwenzetu mmoja hakupata usingizi siku mbili.

Mzee huyo alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Jina lake hatulitaji, wala la chama chake, kwa sababu mtakazoziona.

Kwanza tueleze lahajedwali ni kitu gani, kwa wale ambao hawajaiona. Fikirini lile daftari letu jekundu, lenye mistari ya kwenda chini na ya kukata. Kila kijumba kina anwani yake: safu ya kwenda chini huitwa kwa herufi, mstari wa kulala huitwa kwa nambari, basi kijumba cha safu ya C katika mstari wa 4 huitwa C4. Hata hapa ni daftari tu. Tofauti ni kwamba katika kijumba huandiki nambari peke yake. Waweza kuandika amri. Ukiandika =C4*D4, kijumba kitachukua kilichomo C4 na kukizidisha kwa kilichomo D4. Ukibadili C4, jibu linabadilika lenyewe papo hapo. Wazo hili lilimjia Dan Bricklin mwaka 1978, alipokuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Alimtazama mwalimu wake akiandika jedwali la hesabu ubaoni; kila alipobadili nambari moja ilimbidi afute na kuandika upya nyingine zote zilizoitegemea. Yeye na mwenzake Bob Frankston walitengeneza programu iitwayo VisiCalc, ikauzwa kuanzia mwaka 1979. Programu ya Excel, ambayo wengi wenu mmesikia jina lake, ilitoka mwaka 1985. Sisi darasani tulitumia LibreOffice, kwa sababu haina malipo.

Mwalimu alitufunza kwa mfano wa karafuu, kwa hisani yake kwetu. Tuseme ujira wa mchumaji ni shilingi 2,000 kwa pishi. Ujira tukauandika mara moja juu, katika B1. Chini yake tukaorodhesha wachumaji na pishi zao. Wa kwanza pishi 9: tukaamrisha pishi zake zizidishwe kwa B1, tukapata 18,000. Vema. Kisha tukaivuta amri ile ishuke kwa wote. Wa pili sifuri, wa tatu sifuri, wa nne sifuri! Wachumaji arobaini wamefanya kazi bure. Sababu yake ni kwamba amri ikivutwa chini, anwani nazo hushuka: B1 ikawa B2, ambayo ni tupu. Dawa ni kuandika $B$1, na hizo alama za dola ni kama misumari miwili ya kuigongomea anwani pale pale. Jambo hili mwalimu alitueleza mara tatu, na mara ya tatu ndiyo tuliyoelewa, kwa kuwa mzee wa Kimwani aliuliza swali ambalo sisi sote tuliliona aibu kuliuliza: "Mwalimu, hiyo dola ni fedha ya Marekani?" Akajibiwa bila kuchekwa kwamba si fedha, ni alama tu. Tukashukuru kimoyomoyo.

Hapo mwaona tofauti ya darasa hili na masomo ya mbali ya zamani. Wazee wetu wa Bara wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, jinsi watu walivyokusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio wasikilize somo na kulijadili. Lilikuwa jambo kubwa, lakini redio husema nawe husikiliza. Haikuoni ukikunja uso. Masomo ya posta nayo yalijibu maswali, ila jibu lilikuja wakati swali limekwisha kusahauliwa. Hapa unakosea saa moja na dakika tano, na saa moja na dakika sita mwalimu amekwisha liona kosa lako.

Sasa tuje kwenye kilo 335.

Mwezi wa Juni 2024, msimu wa kahawa ukiwa umeanza huko Kagera, yule mzee alipanga orodha ya kwanza ya msimu kwa lahajedwali. Wakulima 38, kila mmoja na kilo zake za kahawa ya maganda. Chini kabisa akaweka amri ya jumla. Daftari la mizani, ambalo hujazwa kwa kalamu magunia yanapopimwa, lilisema kilo 4,216. Kompyuta ikasema 3,881. Zimepungua kilo 335, nazo ni magunia mazima.

Ndugu wanachama, nyinyi ni watu wa chama. Hatuna haja ya kuwaeleza neno "zimepungua" hufanya nini kijijini. Kabla ya siku mbili kwisha, palikuwa na mtu aliyeona baiskeli usiku. Palikuwa na mwingine aliyekumbuka kwamba mabati ya nyumba ya karani ni mapya. Mzee alikuwa ameshika kalamu ya chama kwa muda wa miaka mingi, na ni yeye aliyewasihi wenziwe wanunue kompyuta. Wenziwe wakasema, kumbe ndiyo sababu aliitaka. Kamati ikampa siku saba alete maelezo. Alijumlisha kwa mkono mara nne; kila mara alipata 4,216. Kwake hilo lilikuwa baya zaidi, maana wapo walioamini kwamba kompyuta haikosei. Basi ikiwa mashine yasema 3,881, kilo 335 katika daftari la kalamu ni za uongo, na mwandishi wa uongo ni yeye.

Jumapili ile alikuwa kimya darasani. Wale wanaotumia Zoom bila malipo wanajua kwamba mkutano hukatwa baada ya dakika 40, na zilikuwa zimebaki kama dakika nne. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee akasafisha koo, akaeleza kwa ufupi sana, kama mtu atoaye habari za msiba. Mwalimu akamwambia, "Mzee wangu, hebu tuonyeshe kioo chako." Hakujua jinsi ya kufanya. Mkono mdogo ukatokea kando, wa mjukuu wake, ukabonyeza, na orodha yote ya Kimwani ikatanda mbele yetu sisi wa Pemba, Tanga na Iringa.

Mwalimu hakugusa hesabu hata moja. Alisema tu: "Tazameni safu ya kilo. Nambari husimama upande wa kulia wa kijumba. Zipo tatu zilizoegemea kushoto. Mwaziona?"

Tuliziona. Zilikuwa 120, 105 na 110. Kwa macho ni nambari. Lakini mzee huyo alijifunza kupiga taipureta katika miaka ya 1970, kwa mashine ambayo, kama nyingi za zamani, haikuwa na kitufe cha moja. Mpiga chapa alitumia herufi ndogo ya l mahali pa moja, na wengi walizoea kutumia O kubwa mahali pa sifuri. Vidole vyake havijasahau. Orodha nyingine yote aliiandika mjukuu; hizi tatu mzee aliziandika mwenyewe usiku, mtoto amelala. Kwa jicho la mtu ni mia na ishirini. Kwa kompyuta ni neno, kama vile "kuku" au "jamvi", na amri ya jumla ikikutana na neno hulipita kimya kimya. Haipigi kelele, haitoi onyo. Jumlisheni wenyewe: 120 na 105 na 110.

Mwalimu alipomwambia afute na kuandika upya kwa vitufe vya nambari, jumla ya chini ikabadilika mbele ya macho yetu: 4,001, kisha 4,106, kisha 4,216. Mtu wa Iringa akapiga makofi. Hapo hapo dakika 40 zikaisha na vidirisha vyote vikazimika, kabla mzee hajasema neno. Mwaka mmoja baadaye, tulipoketi naye barazani kwake, alituambia kuwa aliifunga kompyuta ndani ya mfuko wa salfeti, akaenda nayo usiku ule ule kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amelala. Alimwamsha.

Safari ya kwenda Kimwani hatutaisimulia sana. Boti, basi, usiku njiani, Mwanza, kisha daraja jipya la Kigongo na Busisi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 hivi juu ya maji, mahali ambapo zamani magari yalipanga foleni kungojea kivuko. Halafu Geita, na mbele zaidi. Kusini mwa Muleba mvua ni chache kuliko kule Kamachumu na Bukoba, na migomba haikusongamana kama tulivyoiona baadaye kaskazini. Lakini kahawa ipo, imeanikwa uani juu ya majamvi. Tulipoyaona majamvi tulijihisi tuko nyumbani.

Watu wa huko si wageni katika mambo ya ushirika. Chama kikuu cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa baada ya sheria ya 1982, na cha kwao leo chajulikana kwa jina la KCU (1990). Wazee wamekwisha kuona daftari za kila namna na maneno ya kila namna. Tulichotaka kuona sisi ni hiki: baada ya fedheha ile ya kilo 335, wamefanya nini? Wameirudisha kompyuta dukani?

Hawakuirudisha. Kila baada ya siku ya mizani karani huchapa orodha na kuibandika ukutani nje ya ghala, kabla ya mtu kulipwa. Si jumla peke yake. Orodha yote, kila mkulima na nambari yake ya uanachama na kilo zake, na chini yake mistari miwili: jumla ya kompyuta, na jumla ya daftari la mizani iliyofanywa kwa mkono na mtu asiyekuwa karani. Tulikuta kundi la watu wameisimamia karatasi hiyo kama watu wasomao matokeo ya mtihani. Mama mmoja mwenye kikapu kichwani, ambaye alituambia kwamba hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, alikuwa akishuka na kidole katika safu ya kilo. Tukamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta walevi." Hilo ndilo jina walilozipa nambari zinazoegemea kushoto! Siku ile hakumpata mlevi, ila alikuta mkulima mmoja ameandikwa mara mbili. Karani akatoka nje, akamshukuru, akaweka alama kwa kalamu nyekundu.

Mwenzetu aliyekuwa akisema kwamba kompyuta haikosei alinyamaza muda mrefu. Ni kweli kwamba haikosei kujumlisha. Lakini hujumlisha ulichoiambia, na wala haijui kwamba hukukusudia.

Msidhani haya ni makosa ya wazee wa taipureta. Mwezi wa Oktoba 2020, Uingereza, nchi yenye wataalamu kwa maelfu, iligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa korona walikuwa wameachwa nje ya hesabu ya kila siku. Orodha zilipitishwa katika faili la Excel la aina ya zamani, ambalo halichukui zaidi ya mistari 65,536. Ilipojaa, waliobaki wakadondoka bila sauti. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya serikali, ikanukuliwa na mawaziri wa fedha. Mwaka 2013 mwanafunzi aitwaye Thomas Herndon, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alishindwa kupata majibu kama yao, akawaomba lahajedwali yenyewe. Akaona amri ya wastani imeishia mistari kadhaa kabla ya mwisho, ikaziacha nje nchi 5. Wenyewe walikiri kosa hilo. Yeye alifanya kama yule mama wa kikapu: aliomba aone orodha yote, asitosheke na jumla.

Kosa la namna hiyo laweza kutupata sisi kesho. Tukiwa na wanachama mpaka mstari wa 40, amri ya jumla yaandikwa ihesabu mpaka 40. Wakiingia watatu wapya wakaandikwa chini, mistari ya 41 mpaka 43, amri haina habari nao. Akiba zao zitaonekana kwenye karatasi, lakini hazimo katika jumla. Mwalimu wetu alitufunza kuwaingiza wanachama wapya katikati ya orodha, si mwishoni, ili amri inyooke yenyewe. Hata hivyo twawaambia: hesabuni.

Juu ya kuandika barua tutasema machache, kwa kuwa huko mambo ni mepesi zaidi, na hasara yake ni aibu kuliko fedha. Mtakumbuka tangazo la mkutano tulilolitoa likiwa na tarehe ya mwaka uliopita, wengine wenu mkacheka, wengine mkakataa kuja. Kosa lilikuwa letu: tulifungua tangazo la zamani, tukabadili ajenda, tukasahau tarehe. Darasani tulijifunza kuweka kiolezo kisichokuwa na tarehe kabisa, ili nafasi tupu ikudai uijaze. Tulijifunza pia kuandika barua moja na kuifanya kompyuta iwaandikie wanachama wote, kila mmoja kwa jina lake na salio lake lililotoka katika lahajedwali. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki nzima ya kalamu yakwisha alasiri moja.

Jambo moja liliwavunja moyo wengi siku za mwanzo. Uandikapo Kiswahili, mashine huchora mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba umeandika upuuzi kutoka "Ndugu" mpaka "wassalaam". Mstari huo maana yake ni kwamba mashine inakisoma Kiswahili chako kwa kamusi ya Kiingereza; ujinga ni wake. Katika LibreOffice waweza kuichagulia kamusi ya Kiswahili. Na hili si geni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya namna hii hii ambayo amri zake zote ziliandikwa kwa Kiswahili. Kwa maoni yetu ni hasara kwamba wengi wetu hatukuwahi kuisikia.

Sasa taabu. Darasa la moja kwa moja hutaka mtandao, na mtandao hutaka fedha. Picha ya mwalimu hula kifurushi upesi. Tulijifunza kuzima picha zetu na kubaki na sauti. Anayetumia simu peke yake hupata taabu, kwani kioo ni kidogo, na hawezi kumtazama mwalimu na kutenda kwa wakati mmoja. Njia iliyotufaa, nayo mzee wa Kimwani aliitumia vile vile, ni simu kwa ajili ya kumtazama mwalimu na kompyuta kando kwa ajili ya kutenda. Umeme ulipokatika, betri ilitufikisha nusu ya somo. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 hapakuwa na darasa kabisa: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika nchini kote kwa siku kadhaa. Siku ile tuliketi mbele ya kioo kitupu tukikumbuka kwamba daftari jekundu halijawahi kukatika.

Basi Halmashauri imetutaka tutoe shauri, nasi twalitoa.

Daftari jekundu lisiachwe kwa misimu miwili. Hesabu ziandikwe kote kuwili, na anayejumlisha daftari asiwe yule anayeshika kompyuta. Orodha kamili ibandikwe ukutani katika kila tawi kabla ya malipo yo yote, kama Kimwani. Twajua wapo watakaosema kuwa si adabu deni la mtu kusomwa na jirani. Kwa madeni na itumike nambari ya uanachama bila jina, lakini kilo na pishi zionekane. Tena kila tawi litoe watu wawili wasiokuwa makarani wala wajumbe wa kamati, na mmoja wao awe mwanamke, wakajifunze darasani kusoma lahajedwali, hata kama hawataiandika. Hao ndio watakaotafuta walevi.

Katika jambo moja bado hatujaafikiana. Mmoja wetu ataka kompyuta isitoke ofisini kamwe. Mwingine asema karani asipoichukua nyumbani hatapata nafasi ya kujizoeza, akitoa mfano wa mzee na mjukuu wake. Tumeliacha mkutanoni mwamue nyinyi.

Gharama za safari zimebandikwa mlangoni mwa ofisi pamoja na stakabadhi, nauli ya boti, mabasi, malazi na chakula, mstari kwa mstari. Tumezijumlisha kwa mkono na kwa kompyuta. Atakayeona tofauti atuambie.

Wenye kutaka kuingia katika darasa lijalo wapeleke majina kwa katibu wa tawi. Kila tawi nafasi mbili. Kompyuta za chama zilizo tayari ni mbili. Ya tatu iko kwa fundi, kibao chake kimeingia maji ya mvua siku ya kuanua karafuu, na kitufe cha sifuri hakifanyi kazi. Mpaka kitakapotengenezwa, tafadhali mtu asitumie O.